Nyumba Iliyotazama Nakuru

Jumamosi alfajiri Wariara alimwagia ukuta mpya karai la mwisho la maji ili simiti isipasuke, akavua gambuti, akavaa viatu vya shule na kushuka barabarani kutafuta gari la Nakuru. Siku za wiki alifundisha darasa la nne hapo Molo. Wikendi yeye ndiye alikuwa mwanafunzi, akisomea digrii ya ualimu. Katikati ya hayo yote alikuwa anajenga. Mumewe, Mwaura, alikuwa na lori la viazi, na lori lile, jamani, halikukosa sababu ya kusimama senta, pale madukani.

Aliporudi jioni alikuta nyumba imegeuka. Asubuhi mlango ulikuwa ukitazama boma la mama mkwe; sasa ulitazama bondeni, upande wa Nakuru. Ilikuwa imegeuka pamoja na msingi wake, bila ufa hata mmoja. Fundi Kibii alikuwa ameketi juu ya mawe akila mkate.

"Mwalimu, imeanza kuzunguka tu ulipoondoka," alisema. "Leo kazi imekuwa ni kuhamisha ngazi."

"Pole, fundi," Wariara akasema, akaenda kutafuta karai. Nyumba iliponyweshwa jioni hiyo, kesho yake asubuhi ilikuwa imerudi mahali pake.

Ikawa hivyo kila wikendi. Mama mkwe alilalamika kanisani kwamba nyumba ya mwanawe inamwonyesha matako, na wanawake wenzake wakakubali kwamba hiyo si heshima. Wariara naye hakuwa na raha popote. Darasani aliwaza simiti inayokauka. Kwenye jengo, karai mkononi, alirudia kimoyomoyo somo la jana. Hilo lilimkasirisha kuliko hata uchovu.

"Simiti mbichi ni kama ndama," Kibii aliwaeleza Wariara na mumewe. "Inafuata anayeinywesha. Mzee akishika karai Jumamosi mbili tatu, itatulia."

Mwaura alicheka mpaka akakohoa. "Mimi na karai? Watu wa senta wataniona aje?"

Majirani walilijadili jambo hilo. Wakaonelea kwamba fundi alikuwa na haki kuhusu nyumba, ila Mwaura alikuwa na haki kuhusu karai.

Siku ya kupiga mabati ikaangukia Jumamosi ya mtihani wa mwisho wa Wariara. Huwezi kupigilia mabati nyumba inayozunguka, kila mtu alilijua hilo. Familia ikakaa kikao, chai ikanywewa, na karai halikutajwa.

"Shule haitoroki, Mama Lynn," Mwaura akamwambia mkewe kwa upole. "Nyumba ndiyo inatoroka."

Wariara akabaki. Nyumba ilitulia tuli siku nzima, na kufikia jioni mabati yalikuwa yanang'aa. Watu walimpongeza Mwaura. Wariara alikwenda nyuma ya choo akalia, kisha akaosha uso na kupakua githeri ya mafundi. Mtihani ungemngoja mwaka mzima.

Mwaka ukapita, na mtihani ukaja Jumamosi ile ile ambayo Mwaura alikuwa amemwalika pasta abariki nyumba.

"Si utaahirisha tu?" mama mkwe akauliza. "Wewe umeshazoea."

"Siahirishi, mama."

Alfajiri alinywesha veranda, iliyomwagwa simiti jana yake, akaacha gambuti mlangoni, akaenda. Katikati ya swali la tatu alihisi nyumba ikigeuka. Akapindua karatasi, akaendelea kuandika.

Alirudi jua likizama. Wageni walikuwa wameondoka na sufuria zimerundikana chini ya bomba. Tangu alipotokea kwenye kona, mlango ulikuwa ukimtazama. Kibii alimpokea langoni, amevaa koti lake la kanisani.

"Imegeuka pasta akiwa katikati ya maombi," alisema. "Ikampa mgongo, yeye na watu wote. Tukabeba viti, tukazunguka mpaka upande ule mwingine, wimbo ukaendelea. Kisha mzee akahutubia."

"Akasema nini?"

"Kwamba amejenga kwa mikono yake miwili. Watu wamepiga makofi kweli."

"Na veranda? Mchana nani ameinywesha?"

Kibii akaenda kumletea karai.

Wariara akavua viatu vya shule, akavaa gambuti na kujaza karai. Simiti ilikuwa imepauka. Ikayanywa maji yote, akajaza tena. Mtihani alikuwa ameufanya, na alijua ameufanya vizuri, na hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Mwaura akasikia maji yakimwagika nje.

"Mama Lynn, umefika?" akaita kutoka kwenye kiti chake. "Afadhali. Tuwekee chai."