Mstari wa Chumbani

Mume wangu alikuwa mchora mabango, na mtaa mzima ulimwita Rula kwa sababu hakuwahi kushika rula. Alichora herufi ukutani kwa mkono mtupu, na ukipima baadaye ungekuta zote zimelingana. Mimi ndiye niliyemjazia. Tulipokuwa vijana na kazi zikiwa nyingi, yeye alichora kingo za herufi, mimi nikajaza rangi ndani, mtoto mgongoni. Kwa hiyo brashi naijua. Nasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza ujanja wangu niliutoa wapi.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Bango lake la mwisho lilikuwa la duka la dawa. Mwenye duka alikaa nalo siku mbili, akaliteremsha, akaweka la plastiki. Daktari alitupa vidonge na kutuambia ukweli bila kuuzungusha: vitapunguza kidogo, lakini mkono hautarudi ulivyokuwa. Rula akaitikia kwa kichwa tu. Tulipofika nyumbani alipanda kitandani, na kwa miezi sita kulala kukawa ndiyo kazi yake. Mdomo wangu hauna breki. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikanuna, nikachoka.

Asubuhi moja nikamkuta amekaa, anautazama ukuta.

"Bibie," akasema, "chumba hiki kibaya."

"Kina ubaya gani leo ambao jana hakikuwa nao?"

"Angalia hayo matundu ya misumari. Angalia hayo madoa ya vichwa vyetu. Mchora mabango mzima nalala stoo."

Nilitoka nikaenda kusimama jikoni, maana nilitaka kulia kwa furaha na sikutaka anione. Nilirudi na ndoo na matambara.

Tulikiburuta kitanda mpaka katikati ya chumba, tukatoa kabati kwenye korido, tukaziba matundu, tukapiga msasa mpaka nyusi zikawa nyeupe. Nilipasua shuka mbili za zamani nikashona mapazia. Makreti mawili ya soda tuliyasugua tukayapaka rangi, yakawa vimeza vya kando ya kitanda. Kuta alitaka ziwe kijani chini, krimu juu. Kazi hiyo tuliifanya kwa rola, na rola haina maneno, haijali mkono gani umeishika. Rula alianza kula sahani nzima. Siku ya tatu nilimsikia akipiga mluzi, na mimi nikajipongeza kimoyomoyo kwamba nimempata tena mume wangu.

Siku ya nne akasema panatakiwa mstari. Mwekundu, unene wa kidole, pale kijani na krimu vinapokutana, kuta zote nne.

"Basi tubandike tepu," nikasema. "Unapaka katikati, unabandua, kwisha."

Aliniangalia kama niliyemtukania mama yake. "Tepu ni ya watu wasio na mkono."

Nikaenda kuchemsha chai.

Alipiga uzi wa chaki ukutani kupata alama ya kufuata, akachovya brashi, akaegemeza mkono wa kulia juu ya wa kushoto, akavuta. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Mstari ulitoka umejaa vilima na mabonde. Alifika mwisho wa ukuta jasho likimtiririka, akaosha brashi bila kugeuka kuangalia nyuma.

"Ni rangi ya mafuta," akasema. "Ikikauka hujilaza."

Kweli hujilaza, lakini kidogo. Haijinyooshi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hilo miaka thelathini iliyopita. Nilimtazama akila chakula cha mchana, halafu akaenda kujilaza kwenye kochi la sebuleni, na nikajua akiamka akauona ule ukuta, atarudi kitandani na safari hii hatatoka.

Tepu ilikuwa kwenye kopo la unga. Niliinunua asubuhi ile ile, kwa vile namjua mume wangu na sikumwamini. Nilichovya kitambaa kwenye tapentaini, nikafuta mstari wake wote, nikakausha, nikabandika tepu juu na chini, nikapaka, nikabandua. Nilisimamisha brashi kila kochi lilipolia. Na kwa kuwa najiona mjanja, sikuunyoosha kabisa. Nilimwachia mikunjo mitatu midogo karibu na kona, usije ukaonekana muujiza.

Saa tisa aliingia. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, miwani usoni.

"Si nilikwambia?" akasema polepole. "Imejilaza."

Kesho yake akavuta ukuta wa pili, nami alipolala nikaurudia, nikamwachia mikunjo miwili. Ukuta wa tatu, mmoja. Ukuta wa nne sikumwachia kitu. Leo nikiwaza, hapo ndipo nilipoharibu. Ningeupaka ovyo kila siku, au ningeunyoosha wote siku moja, angeshtuka. Lakini mimi nilimpa mtu mgonjwa dalili za kupona, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio mzuri kabisa.

"Mkono bado unatetemeka," aliniambia jioni ile, tukiwa tumekaa ukingoni mwa kitanda, "lakini mstari unatoka. Unaona? Kazi inauvuta mkono. Nilikosea kulala."

Nilitakiwa kusema pale pale. Nilifungua mdomo, nikasema chai inapoa.

Kesho yake nilirudi kutoka kuchota maji nikakuta viatu vya mgeni mlangoni. Rula alikuwa amempigia simu mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo nyuma yetu. Ukuta wa geti lao ulikuwa umepakwa upya na jina la shule halijaandikwa. Na mwalimu mkuu, ambaye habari za mkono alizisikia kama watu wote, alitaka kuona kwanza. Basi mume wangu alimwingiza chumbani kwetu. Nguo yangu ya kulalia ilikuwa imening'inia kwenye msumari wa mlango. Niliikwapua nikaificha mgongoni, nikabaki nimesimama hivyo.

Mwalimu mkuu alipitisha kidole kwenye mstari kuanzia dirishani mpaka mlangoni. "Mzee, hapa ulitumia rula?"

"Rula ni mimi," mume wangu akasema, mkono wa kulia akiwa ameutia mfukoni.

Walicheka wote wawili. Kisha mwalimu akanigeukia. "Mama, nawe unasemaje? Fundi wetu amepona?"

Wote wananiangalia. Nilimwona Rula amesimama wima kama hajawahi kuumwa, na nikajua nikisema neno moja la kweli mbele ya mgeni nitakuwa nimemvua nguo. Na nikisema uongo nitakuwa nimempeleka kwenye geti la shule.

"Wenyewe mnaona ukuta," nikasema.

Mwalimu akampa kazi, aanze Jumamosi.

Siku tatu nzima nilijaribu kumwambia. Namtengenezea uji, nasema moyoni, akimaliza kijiko hiki namwambia. Anamaliza, ananiambia uji mtamu. Nilimwomba aahirishe, akaniuliza kwa nini, nikaenda kuosha sufuria. Jumamosi asubuhi alivaa ovaroli lake la zamani, likiwa limempwaya, akapanga brashi kwenye mfuko.

"Twende wote," nikasema. "Nitakushikia ngazi."

"Ukuta ule haufiki hata kifuani. Ngazi ya nini?"

"Basi nitakujazia herufi, kama zamani."

Akanishika shavu kwa ule mkono, nikausikia ukitetemeka kwenye ngozi yangu. "Leo pumzika, bibie. Umenivumilia vya kutosha."

Niliketi kwenye kizingiti. Nilitaka kumkimbilia na nilijua nikimfikia sitakuwa na la kumwambia zaidi ya lile lile nililoshindwa. Nilikunja nguo, nikazikunjua, nikazikunja tena. Wala haikufika saa tano, akarudi.

Mfuko wa brashi alikuwa ameukumbatia. Mkono wa ovaroli ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kiwiko, ndio aliofutia ukuta. Alinipita bila salamu, akaingia chumbani, nikamfuata. Alikaa kitandani akiuelekea ukuta wa dirisha, ule wa mwisho, usio na mkunjo hata mmoja.

"Herufi ya kwanza tu," akasema. "Nimeifuta mara nne. Watoto wa masomo ya Jumamosi walikuwa wamejaa madirishani. Mmoja akaniuliza, babu, unasikia baridi?"

Nikakaa karibu naye. "Nisamehe," nikasema. Lilikuwa neno dogo na halikufika popote.

 Alikuwa anaufuata mstari kwa macho, kuta zote nne, polepole, kama anayesoma barua. Alipomaliza akauliza, "Tepu uliificha wapi?"

"Kwenye kopo la unga."

"Niletee. Mkono sina tena."

Nilimletea. Ilikuwa bado na unga pembeni. Aliipangusa kwenye goti, akaishika kwa mkono wa kushoto, akaanza kutafuta ncha kwa ukucha wa kidole cha kulia. Unajua tepu ikishajigandia yenyewe ncha haionekani, lazima uizungushe taratibu mpaka ukucha ukwame. Aliizungusha mara ya kwanza. Ukucha ukaruka. Akazungusha tena, ukaruka.

Ncha mimi nilikuwa naiona. Ilikuwa pale pale, upande wa dole gumba lake, imeinuka kidogo. Ningeweza kuichomoa kwa sekunde moja nikampa. Nilinyoosha mkono nusu, nikaurudisha, maana sikujua tena kumsaidia mtu huyu kunaanzia wapi na kumdanganya kunaishia wapi. Nikaibana mikono yangu yote miwili kwapani. Yeye akaisogeza tepu karibu na miwani, akaanza upya kutafuta.