Maana ya Klaudio

Machogu, mkulima wa chai huko Nyamira, alimpa mwanawe wa kwanza jina Klaudio kwa sababu alisikia katika mafundisho ya ubatizo kwamba mfalme mmoja wa Roma aliitwa hivyo. Miaka tisa mizima alilitangaza jina hilo mpaka soko la Keroka.

"Kila boma lina Yohana na Petero," alikuwa akisema. "Mfalme ni mmoja tu, na analala kwangu."

Krismasi ya mwaka 1974 alitembelewa na mpwa wake, Thadeus, aliyekuwa akisoma seminarini. Wakiwa mezani, Machogu akamwambia, "Wewe umekunywa Kilatini chote. Hebu mweleze huyu mtoto maana ya jina lake."

Thadeus akamega ugali polepole. "Mjomba, tule kwanza."

"Sema!"

"Maana yake kiwete. Mtu anayechechemea."

Gesare, mama wa mtoto, aliinamia sufuria mabega yakimtikisika, na Machogu akadhani analia.

Jumatatu Machogu akaenda parokiani kuomba jina libadilishwe. Padri akamwambia ubatizo haufutwi kwa raba. Aliporudi nyumbani alimkuta Klaudio mlangoni, kikapu cha chai kikiwa chini, akiburuta mguu wa kulia.

"Baba, jina limeanza kunishika."

Machogu nusura azirai. Siku zilizofuata mtoto hakuchuma chai wala kuteka maji. Alikaangiwa mayai, na baba mwenyewe ndiye aliyembeba mgongoni kwenda chooni, akimwomba msamaha njia nzima.

Ijumaa Gesare alisimama akamtazama. "Juzi si ulikuwa mguu wa kulia?"

Klaudio akauangalia mguu wake wa kushoto. "Umehamia huku, Mama."

"Maskini, ndivyo unavyosambaa," Gesare akasema kwa huzuni kubwa. "Baba Klaudio, vaa koti tumpeleke hospitali. Wana sindano yake, ndefu kama mwiko. Wanaidunga gotini. Huyu atadungwa magoti yote mawili."

Machogu hakuwahi hata kuingiza mkono wa pili kwenye koti. Mtoto aliruka ua, akapenya katikati ya michai, akavuka kijito bila kulowa na kuanza kupanda kilima cha ng'ambo. Baba akamfuata, koti likimning'inia bega moja, akimpigia kelele asikimbie, ataumia. Hakumfikia. Alipofika kijitoni pumzi zilikatika, akaketi kwenye nyasi, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Obwocha, jirani aliyekuwa akikata ndizi hapo karibu, akaja mbio na panga. "Ni mwizi?"

"Ni mtoto wangu," Machogu akasema. "Unaona anavyokwenda?"

"Namwona. Nimshike?"

"Humuwezi. Akirudi nitamchapa." Alijifuta machozi. "Lakini mwache kwanza afike juu."