Mume wa Afisa wa Taka Hatari

Kilichomuudhi Jackton kwanza kilikuwa Kiswahili cha yule mtu.

"Habari za jioni, dada Phelister. Pole sana na majukumu. Naomba dakika zako chache tu, kama hutajali."

Simu ilikuwa juu ya kabati la vyombo, spika imewashwa, na Phelister alikuwa akisonga ugali. "Sijali hata kidogo, Shamis," akajibu, akacheka. Jackton alikuwa sebuleni amevua viatu, mbele ya runinga, lakini taarifa ya habari haikumwingia tena.

Phelister alikuwa afisa wa taka hatari katika ofisi moja ya serikali. Lori lilikuwa limetoka Nairobi na kuvuka mpaka pale Namanga, karatasi zikisema limebeba vyuma chakavu, kumbe lilikuwa limejaa betri kuukuu za magari, nyingine zimepasuka na asidi inavuja. Watanzania walilikamata na dereva akatoroka. Chini ya mkataba ambao nchi hizi mbili zimeuridhia pamoja na nyingine nyingi duniani, mzigo wa sumu ukipelekwa kwa jirani bila yeye kukubali, nchi ulikotoka lazima iurudishe na kuushughulikia bila kudhuru watu wala ardhi. Tanzania ikamteua Shamis kusimamia kazi hiyo, Kenya ikamteua Phelister, na tangu hapo wawili hao walikuwa wakipigiana simu, mchana Phelister akiwa kazini na jioni akiwa nyumbani kwake, mtaa wa Donholm.

Jackton alikuwa fundi wa breki za mabehewa ya treni. Alizaliwa na kulelewa Ziwani, mtaa wa Nairobi, na katika Kiswahili cha Ziwani hakuna "naomba". Mtu akitaka kitu anasema "leta". Phelister alipokuja mjini kutoka Busia, Jackton ndiye aliyemfundisha Sheng ya mitaani, na katika uchumba wao alikuwa akimchekesha hadi anashika mbavu. Siku hizi Phelister alikuwa akileta nyumbani maneno ya Shamis. Alisema "hewala" akikubali jambo. Binti yao alipopiga chafya, akamwambia "afya, mwanangu", na Jackton akauliza hilo limetoka wapi.

"Shamis husema hivyo. Si ni tamu?"

Kesho yake, mezani, Jackton alijaribu. "Mke wangu, naomba chumvi, kama hutajali."

Phelister alimtazama, kijiko kikiwa hewani. "Uko sawa? Kuna kitu kimetokea kazini?"

"Hakuna kitu. Leta tu chumvi."

Siku nyingine Phelister alimwonyesha picha ya lile lori kwenye simu. Kando ya lori alikuwa amesimama Shamis mwenyewe, kijana mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, mikono ya shati imekunjwa, barakoa imeteremshwa kidevuni. Jackton aliivuta picha kwa vidole viwili hadi uso ule ukajaa kioo chote.

"Umeona zilivyopasuka?" Phelister akauliza.

"Nimeona," alisema, ingawa hakuwa ameangalia betri hata moja.

Kazini alimweleza rafiki yake Bwire, na lilikuwa kosa. Bwire hakuwa mtu wa kufariji.

"Mbongo? Buda, umeisha," Bwire alisema huku akifuta grisi mikononi. "Hao wamezaliwa wakibembeleza. Wewe mara ya mwisho uliambia bibi yako pole na majukumu ni lini?"

"Mimi namwambia."

"Unamwambia aje? 'Niaje, chakula iko?'"

Wenzao wakacheka. Jackton naye alijitia kucheka, lakini alirudi nyumbani na kitu kimemkaa kifuani kama tonge lisiloteremka. Alianza kuhesabu kila kicheko cha mkewe. Akicheka na simu, alijiuliza mbona hajacheka hivyo na yeye. Akinyamaza baada ya simu, alijiuliza anawaza nini.

Jioni moja kabla ya lori kurudishwa Nairobi, Phelister alikuwa bafuni simu yake ilipolia. Jina lilikuwa pale kwenye kioo. Jackton aliiacha ilie kidogo, kisha akaichukua.

"Dada Phelister?"

"Ni bwana yake."

"Oh, shemeji! Hujambo, shemeji? Nimefurahi kukusikia, dada anakutaja sana." Sauti ilikuwa na haraka, na nyuma yake palikuwa na ngurumo za malori. "Samahani, simu yangu inazima na hapa mpakani umeme umekatika. Naomba umfikishie ujumbe, ni muhimu sana. Lori limeshavuka. Mwambie mlango wa ubavuni usifunguliwe kabisa mpaka nifike mwenyewe kesho mchana. Tumegundua madumu tuliyojazia ile asidi iliyovuja yameuegemea kwa ndani, mzigo umehama njiani. Dereva mpya hajui. Utamwambia, shemeji?"

"Nitamwambia."

"Mungu akubariki sana."

Neno lililobaki kichwani mwa Jackton halikuwa asidi wala mlango. Lilikuwa "shemeji". Huyu mtu alikuwa ameshajipa undugu. Na yale madumu yake! Si aseme mitungi kama watu wengine? Jackton alibonyeza kioo, akaifuta ile simu kwenye orodha ya simu zilizoingia, akairudisha mahali pake. Alijiambia atamwambia baada ya chakula. Baada ya chakula alijiambia asubuhi. Lakini asubuhi Phelister, akifunga kamba za viatu vyake vya kazi, alisema, "Ajabu, Shamis hakupiga jana. Na sasa hapatikani. Si kawaida yake."

Jackton aliona uso wake umeingiwa na wasiwasi kidogo, na aibu ni kwamba alifurahi. Akwame kidogo bila huyo Shamis, alifikiri. Aone kama dunia itasimama. Akanywa chai yake, akaenda kazini.

Mchana, walipokaa kula, alimsimulia Bwire kisa hicho kama mtu anayesimulia bao alilofunga. Alipofika kwenye ujumbe wenyewe, Bwire aliacha kutafuna.

"Umesema asidi?"

"Ya betri tu."

"Na bibi yako ndiye atasimama hapo kwa mlango?" Bwire aliweka sahani yake chini. "Jackton. Piga simu. Sasa hivi."

Alipiga na haikushikwa. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Alitoka nje ya karakana na ovaroli yake, akasimamisha bodaboda ya kwanza aliyoiona, akamwambia mwendeshaji ampeleke Industrial Area, kwenye bohari ambako lori lilikuwa limepelekwa kupakuliwa. Njiani alijaribu kukumbuka kama Phelister alikuwa amebeba miwani yake ya kukinga macho. Hakuweza kukumbuka, kwa sababu asubuhi alikuwa akitazama uso wake tu, akiufurahia wasiwasi wake.

Alipofika langoni alisikia mtu akilia kwa sauti.

Mlango wa nyuma wa lori ulikuwa umepinda ukakataa kufunguka, kwa hiyo walikuwa wamefungua wa ubavuni. Mtungi mmoja uliangukia nje na kupasukia miguuni mwa Kimeu, mpakuaji aliyekuwa ameshika komeo. Asidi ilimrukia mapajani na kuingia ndani ya gamubuti. Phelister alikuwa amepiga magoti kwenye saruji iliyolowa, miwani usoni, ameelekeza mpira wa maji kwenye miguu ya Kimeu, na alikuwa akirudia kusema, "Usitoke kwa maji. Najua inauma, lakini usitoke kwa maji." Wenzake walikuwa wakimwaga mchanga kuzunguka kile kilichomwagika kisifike mtaroni.

Hakuuliza Jackton amefikaje pale. "Kata hiyo suruali," alimwambia tu, akamsukumia mkasi. Jackton aliikata. Kitambaa kilikuwa kikichanika chenyewe, na ngozi iliyokuwa chini yake hakutaka kuitazama lakini aliitazama.

Ambulensi ilipoondoka na Kimeu, gari la ofisi ya Tanzania lilikuwa likiingia. Shamis aliteremka, akaona mlango wa ubavuni uko wazi, akashika kichwa.

"Dada Phelister! Mbona mmeufungua? Nilimwambia shemeji jana."

Phelister alimgeukia mumewe. Alikuwa amelowa, nywele zimeshikana. Jackton alitamani apigwe.

"Ni kweli," Jackton alisema. "Aliniambia."

"Ukasahau?" Phelister akauliza.

Njia ilikuwa hapo wazi. Angesema ndiyo, nilisahau, na pengine angeaminiwa. "Sikusahau. Niliifuta simu."

Shamis alielewa haraka kuliko wote. Aliinamisha macho, akasema ataanza kukagua mzigo, akaondoka hapo. Hata kule kuondoka kwake kulikuwa na adabu, na Jackton alimchukia tena kwa hilo, hapo hapo, katikati ya aibu yake.

Nyumbani jioni hiyo Phelister alizungumza bila kupaza sauti.

"Unataka kujua kama nafurahi kuongea naye? Nafurahi. Ananiuliza mimi naonaje, halafu anangoja jibu. Hakuna kingine. Na kama kingekuwepo, Kimeu alikukosea nini?"

"Nilidhani utakwama kidogo tu."

"Kidogo tu." Alivua pete, akaosha mikono kwa muda mrefu, akaivaa tena. "Kesho namwambia Madam Nangila ukweli wote. Sitakuficha."

Madam Nangila, mkubwa wake, alimwita Jackton ofisini aeleze mwenyewe kilichotokea. Alieleza akiwa amesimama, mbele ya watu wanaofanya kazi na mkewe. Phelister hakunusurika pia: alipewa onyo kwa kufungua mlango kabla mwenzake wa ng'ambo hajathibitisha. Alilipokea bila kujitetea, na hilo lilimuuma Jackton kuliko lile la kusimamishwa mbele za watu.

Kimeu alilazwa hospitalini. Jackton alikwenda kumwona akiwa na machungwa, akamweleza kila kitu, pamoja na jinsi alivyokunywa chai asubuhi ile. Kimeu alisikiliza akiwa amelala chali, miguu imefungwa bandeji.

"Ungempigia huyo jamaa umtukane," Kimeu alisema mwishowe. "Ama ungenuna nyumbani kwako. Wivu wako na mimi, wapi na wapi?"

"Nisamehe."

"Acha hayo machungwa. Msamaha tutaona."

Jackton aliendelea kwenda. Kimeu hakutamka kwamba amesamehe, lakini alipoanza kujifunza kutembea tena, alikubali kumshika bega hadi mwisho wa wodi na kurudi.

Nyumbani, Phelister alikuwa hapokei simu za kazi tena. Alizimaliza ofisini, akaja, akala, akamsaidia mtoto masomo, akalala. Hakukuwa na mtu wa kumwonea wivu ndani ya nyumba ile, na Jackton aligundua kwamba hakukuwa pia na mtu wa kuzungumza naye. Mkewe hakumficha lolote. Alikuwa tu ameacha kumsimulia.

Jumapili moja, wakitoka kanisani kwa miguu, Jackton aliuliza, "Zile betri zilifika wapi?"

Phelister alimtazama kuona kama kuna mtego. "Kwani unataka kujua?"

"Nataka."

Phelister akamwambia: asidi ilichujwa na kutulizwa makali, plastiki ikatengwa, na risasi, yale madini yaliyomo ndani ya betri, ikapelekwa kuyeyushwa kwenye kiwanda chenye leseni, chenye bomba la kunasa moshi. Mwenye mzigo alikamatwa upande wa Kenya kwa ushahidi uliotoka upande wa Tanzania. Sasa ofisi hizo mbili zilikuwa zikiandaa utaratibu wa pamoja, ili lori la namna hiyo likitokea tena ujumbe upite kwa watu wawili au watatu, usitegemee simu moja.

"Hilo la ujumbe ni wazo la nani?"

"La Shamis. Nakwenda Arusha mwezi ujao tulimalizie."

Kile kitu kifuani kiligeuka tena, kizima, kama hakikuwahi kuondoka. Jackton alikisikia. Alingoja kitulie, hakikutulia.

"Na huo moshi," aliuliza, "wanaunasa aje?"

Phelister alianza kumweleza, akitumia mikono.