Mlango Ndio Huuliza

Kila asubuhi, akishamaliza kufagia uwanja, Mama Msumeno alitoa kiti cha mbao chenye mikono na kukiweka karibu na dirisha. Alimimina maji ya chumvi kwenye beseni, akaupangusa msumeno wake mdogo kwa kitambaa chenye mafuta, kisha akaita wa kwanza. Foleni ilikuwa imeshafika kwa jirani. Walikuwa vijana wa kizimwi waliooga vizuri, mashati yamepigwa pasi, kila mmoja na pembe zake mbili zilizochomoza kutoka taya la chini kama za baba yake na babu yake. Kazi mjini zilikuwapo, ila hakuna aliyemwajiri zimwi mwenye pembe. Sheria haikukataza. Ilisemekana tu kwamba wateja wakiziona hupoteza hamu ya kula.

Yeye mwenyewe alikuwa zimwi wa ukoo wenye pembe ndefu, na zake hakuzigusa, kwa kuwa hakuna aliyemtazama isipokuwa waliokuja kukatwa. Ufundi aliurithi kwa mama yake, ambaye enzi zake alikata pembe za wafu peke yao. Kwa mazimwi ndivyo ilivyo: mtu akifa, pembe zake hutundikwa juu ya mlango wa nyumba yake, na jua likizama huanza kusema. Binadamu akifika kwa mwenzake hupiga hodi. Kwa mazimwi mlango ndio huuliza. "Nani anaingia?" marehemu huuliza, na anayeingia hutaja jina lake, na marehemu akiitambua sauti husema, "Ingia." Nyumba isiyo na sauti mlangoni, mazimwi huiita pango, hata iwe na ghorofa.

Juu ya mlango wa Mama Msumeno alikuwapo mume wake, aliyekuwa mpagazi wa stesheni. Alikuwa marehemu mchangamfu. Akishamkaribisha mtu, alipenda kuulizia kama treni zilifika kwa wakati.

Mwisho wa wiki alipita mnunuzi kutoka kiwanda cha vifungo, binadamu mnene mwenye utani, akiwa na gunia begani. Kiwanda ndicho kilichompatia Mama Msumeno kibali cha kukata walio hai, kwa sharti kwamba kila kipande kiwe cha kiwanda.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," mnunuzi alisema kila alipofunga gunia.

"Na sisi msemo huo tunao," Mama Msumeno alimjibu, "ila sisi tunamsema binadamu."

Wakacheka wote wawili, na gunia likaenda zake.

Siku binti yake aliporudi kutoka hoteli kubwa ya mjini na kusema wamemchukua mapokezi, Mama Msumeno alijua neno litakalofuata. Akaendelea kumenya viazi.

"Wamesema nianze Jumatatu," binti alisema. "Nikiwa nadhifu."

"Kwani huogi?"

"Mama, unajua wanamaanisha nini."

"Nimekata watoto wa watu. Aliyetoka tumboni mwangu sijamkata."

"Basi nitakwenda kwa yule wa sokoni."

"Yule anayetumia tupa? Atakuchana ufizi mpaka masikioni."

Binti akainuka kuchukua viatu vyake. Alikuwa mtoto wa kunyamaza akishaamua, kama baba yake. Mama akaosha mikono, akamimina maji ya chumvi kwenye beseni.

"Kaa," alisema.

Alimkata vizuri kuliko alivyowahi kumkata yeyote. Binti alishika mikono ya kiti, macho ameyafumba, na unga mweupe ukamwangukia mapajani. Alipojitazama kwenye kioo hakulia. Aligeuza uso upande huu na upande ule, akasema kidevu chake kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani.

Mama Msumeno alifikiria kuvificha vile vipande. Lakini hoteli na kiwanda vilikuwa vya tajiri mmoja, na kila aliyeajiriwa hotelini, kiwanda kilijua kuna pembe mbili zinazotarajiwa. Mnunuzi alipokuja, alivitia guniani pamoja na vingine. Siku hiyo hakutania.

Jioni binti alitoka kununua mkate, akarudi jua likiwa limezama.

"Nani anaingia?" baba yake akauliza.

Binti akataja jina lake.

"Huyo simfahamu."

Mama Msumeno akatoka jikoni. "Ni mwanao, baba."

"Mwanangu ana sauti nyingine. Hii ni kama ya mtu anayesemea ndani ya kikombe. Lakini kama umemwalika wewe, apite. Karibu, mgeni."

Tangu jioni hiyo binti aliingia kwao kama mgeni. Baba hakumkosea adabu hata mara moja. Alimuuliza yeye ni mtoto wa nani, na binti aliposema ni wa nyumba hii, marehemu alicheka, akamsifu kwa ucheshi wake. Mama Msumeno alikuwa akisikia mambo hayo kwa wateja wake miaka yote, na alizoea kuwaambia wavute subira, wafu huzoea. Sasa aliona kwamba wafu hawazoei.

Haukupita muda mrefu binti akaja na habari za kazini. Alizieleza huku akivua viatu.

"Mashati ya wageni yanauliza, mama. Jua likizama tu, ukumbi mzima. Nani anaingia, nani anaingia. Na makoti pia."

"Wageni wanasemaje?"

"Wengine wanataja majina yao, wanacheka. Mmoja amelalamika kwamba alishindwa kusikiliza hotuba."

Meneja alipotambua kuwa msichana wake wa mapokezi ni binti wa mkata pembe, alimwita mama mtu aje kuzinyamazisha nguo. Mama Msumeno akapitishwa mlango wa nyuma mpaka chumba cha kufulia, chini kabisa, ambako dobi mzee, binadamu mwembamba mwenye mikono iliyobabuka kwa sabuni, alikuwa akipiga pasi katikati ya safu za nguo zilizotundikwa.

"Mashati yataanza sasa hivi," dobi alisema. "Mimi nayatajia jina langu, yananikatalia."

Dirisha dogo lililokuwa usawa wa barabara likapoteza mwanga, na nguo zikaanza. Hazikupaza sauti. Ziliuliza kwa upole, moja baada ya nyingine, kisha kwa pamoja, kama watu waliokaa gizani wakasikia hatua. Mama Msumeno alizitambua. Yule alikuwa kijana mwenye sikio lililochanika. Wale walikuwa pacha wa nyumba ya pembeni. Yule mwenye kigugumizi alikuwa akibeba mizigo ghorofa ya pili ya hoteli hiyohiyo, na shati lililouliza kwa sauti yake lilikuwa la mgeni ambaye yeye alimbebea mizigo asubuhi. Akapita safu kwa safu akitaja jina lake mbele ya kila vazi, na kila vazi likasema, "Ingia, mama," likanyamaza.

Meneja, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, alifurahi. "Basi uwe unakuja kila jioni."

"Hawa ni watu, bwana meneja," Mama Msumeno alisema. "Wanafanya kazi humuhumu."

"Najua," meneja alisema. "Vifungo vizuri sana. Havivunjiki."

Meneja alipoondoka, Mama Msumeno akafika safu ya mwisho, na hapo akasimama. Gauni la bluu lenye vifungo mgongoni lilikuwa linauliza kwa sauti ya binti yake. Ilikuwa sauti yake ile ya zamani, nzito kidogo, yenye kukwaruza mwishoni mwa neno. Akataja jina lake kwa taabu. "Ingia, mama," gauni likasema.

"La nani hili?"

"La mgeni wa ghorofa ya juu," dobi alisema. Aliliangalia gauni, akamwangalia yeye, akalitungua kwenye kiango. Akalikunja. "Hapa kwenye pindo naona doa. Doa la namna hii halitoki mpaka kesho."

Pindo lilikuwa safi. Mama Msumeno akalipokea, akalitia kwenye kapu.

Nyumbani alimvalisha binti uani, akamfunga vifungo kimoja kimoja mgongoni. Gauni lilimbana mabega. Kisha wakazunguka mpaka mlango wa mbele.

"Nani anaingia?"

Binti akataja jina lake, na vifungo vikalitaja pamoja naye, sauti mbili kama nyuzi mbili kwenye sindano moja. Mama Msumeno akashika kizingiti.

"Ingia, mwanangu," baba yake alisema. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Binti alivuta kigoda, akaketi chini ya mlango, akamsimulia. Alimweleza ukumbi ulivyo, na taa zake, na wageni wanaosahau funguo. Baba akauliza kama treni zilifika kwa wakati. Akauliza kama kazini wanamheshimu.

"Wananiheshimu," binti alisema, na vifungo vikasema hivyohivyo.

Kesho yake, mgeni wa ghorofa ya juu alishuka ukumbini amevaa gauni lake. Binti akapokea ufunguo, akamtakia safari njema, akamkaribisha tena. Ilikuwa mchana, na vifungo havikuwa na la kusema. Gari la uwanja wa ndege likamchukua.

Kazi iliendelea. Asubuhi Mama Msumeno alikata, jioni alikwenda kuzijibu nguo. Hoteli ilikuwa ikijenga upande wa pili, na foleni ikapita kwa jirani ikafika barabarani.

Jioni moja binti alirudi akiwa na mkate.

"Nani anaingia?"

Akataja jina lake.

"Karibu, mgeni," baba yake alisema. Siku hiyo alikuwa na hamu ya mazungumzo. "Umepishana na binti yangu. Alikuwa hapa juzijuzi, ungemwona, na gauni la bluu. Amepata kazi nzuri huko kwa wakubwa, na wanamheshimu. Ukikutana naye mjini, mwambie baba yake anamsubiri."

Binti akauhamisha mkate kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Hongera, mzee," alisema. "Nitamwambia."

Akainamisha kichwa kidogo, kama wageni wanavyofanya, akaingia.