Ufukwe wa Baba Ruthu

Mimi mtu akiniambia maji ya Dodoma ni matamu namwangalia tu. Sisi tuliozaliwa hapa tunajua sabuni inavyogoma kutoa povu, na chai inavyotoka na ladha ambayo mgeni haielewi. Lakini maji ya kisima chetu yalizidi. Ungeweza kuchemshia maharage na usiongeze chumvi.

Kisima ni cha mume wangu, Sostenes. Alipostaafu kazi ya reli tulinunua shamba nje kidogo ya Makutupora, yeye akiwa na ndoto ya zabibu. Majirani wote wana zabibu, kwa nini sisi tusiwe nazo? Siku mashine ya kuchimba ilipofika watu walijaa na ndoo, maana Sostenes alikuwa ameshawatangazia kwamba watachota bure. Bomba likatema maji, vigelegele vikapigwa, mume wangu akakinga kiganja, akanywa wa kwanza. Nikauona uso wake unabadilika. Majirani nao wakaonja, wakasema "Mungu ni mwema" kwa ile sauti ya msibani, wakaondoka na ndoo zao tupu.

Miche ya zabibu akailazimisha kunywa maji hayo hayo. Majani yakaungua kingo, yakajikunja, basi.

Tangu siku ile Sostenes akawa mtu wa kibarazani. Mtu aliyekuwa anapiga stori kutoka Dodoma hadi Tabora bila kumeza mate! Kanisani hataki, sokoni hataki, akiona mtu na ndoo njiani anaingia ndani. Mdogo wake aliyeko Morogoro ndipo alipopata pa kuingilia. Kila jioni simu: "Kaka, uza hilo jangwa, njoo huku. Huku ukitema mbegu ya papai, kesho una mpapai." Na Sostenes anaitikia, sawa, sawa. Akaniambia tukishavuna uwele tunauza shamba, tunahama. Aliniambia hivyo anaangalia viatu vyake.

Mimi Morogoro nikafanye nini, jamani? Kwaya yangu iko hapa. Mama yangu kazikwa hapa. Binti yetu Ruthu kaolewa hapa hapa kijijini. Nikagomba, nikanuna, siku moja nikampikia mlenda bila chumvi nikamwambia aongezee ya kisimani. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu Sostenes ninayemjua mimi angecheka hadi akohoe.

Basi, Zeenat akaja kunitembelea. Zeenat ni rafiki yangu tangu shule ya msingi, ana duka la vitambaa mjini, na alikuwa ametoka Uingereza kumwona binti yake, Hina, anayefanya kazi kwenye nyumba ya makumbusho ya mji mmoja wa pwani. Nilidhani ataniletea habari za baridi na bei ya nyanya. Wapi! Kaja na historia ya mji mzima kichwani. Tukakaa kwenye mkeka tunachambua mchele, Sostenes kibarazani ametugeuzia mgongo.

"Mama Ruthu," akaanza, "ule mji zamani ulikuwa wa wavuvi tu. Nyumba zao waliziangalisha bara, bahari wameipa kisogo. Bahari kwao ilikuwa kazi na kaburi, nani atake kuiangalia?"

"Sasa nani aliyewageuza?"

"Daktari. Alitokea daktari akaandika kwamba maji ya chumvi ni dawa. Jongo, tumbo, huzuni, kila kitu. Ujioshe nayo, tena unywe."

"Wakanywa?"

"Wakanywa! Matajiri hasa. Wakaja na magari ya farasi, wakapangisha nyumba za wavuvi. Na wanawake wao, kwa vile wana haya, waliwekewa vibanda vya mbao vyenye magurudumu. Unaingia umevaa, farasi anakukokota hadi majini, unafungua mlango wa nyuma, unachovya mwili, hakuna aliyekuona."

Nilicheka hadi mchele ukamwagika. Zeenat yeye hakutaka kukatizwa, akaendelea: kwamba kwa muda mrefu raha ile ilikuwa ya wakubwa peke yao, hadi ilipofika reli.

"Reli ya upana gani?"

Tuligeuka sote wawili. Ni Sostenes. Nilikuwa sijasikia akiuliza swali lolote tangu kisima kile.

"Shemeji, upana siujui," Zeenat akasema, "ila ilileta watu wa viwandani kwa maelfu. Wanakuja asubuhi na watoto na chakula chao, wanarudi jioni. Mji ukavimba. Wakajenga hadi daraja la chuma la kuingia baharini, refu, mwisho wake haufiki popote. Watu wanatembea hadi mwisho, wanaangalia maji, wanarudi."

"Daraja halifiki ng'ambo?" Sostenes akasogeza kiti. "Na mhandisi wake hakufukuzwa?"

"Alipewa nishani."

Loo, akacheka! Kicheko kidogo, cha kutu, lakini nilikisikia. Zeenat akamweleza pia habari za wenye nyumba za kulala wageni, wanawake wakali waliokuwa wakimtoa mgeni nje baada ya chai ya asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, wasimfungulie hadi jioni, wengine wakimtoza hata chumvi ya mezani. Nikasema mgeni wa kutozwa chumvi mimi simjui, na wanawake wale walilelewa wapi? Akaeleza jinsi ndege zilivyokuja kuwachukua watu kwenda nchi za jua, mji ukadorora, rangi zikabanduka, hoteli zikabaki na njiwa. Na sasa vijana wanarudi tena, wanafungua migahawa, wanapaka rangi upya.

"Na yote hayo kwa sababu ya maji ya chumvi?" nikauliza.

"Kwa sababu ya maji ya chumvi."

Nikamwangalia Sostenes, naye akaniangalia. Maji ya chumvi si tunayo?

Kesho yake alichukua jembe. Akamwita fundi Sila, wakachimba bwawa kando ya kisima, wakalipiga sakafu ya saruji, upande mmoja wakaliteremsha taratibu kama pwani inavyoteremka. Mimi nilisimamia kibanda. Nilikitaka cha magurudumu, basi Sila akanijengea juu ya mkokoteni wa punda, mlango mbele, mlango nyuma, pazia la kitenge. Mdogo mtu wa Morogoro akipiga simu, Sostenes anasema, "Subiri kwanza, kuna kitu nafanya." Lakini alishaniambia wazi: hiki kikishindikana, Mama Ruthu, tunaondoka, usinibishie tena. Nikakubali. Ningefanyaje?

Tukafungua siku ya Jumapili baada ya ibada. Mchungaji akaomba, kwaya yetu ikaimba, kijiji kizima kikaja kimevaa vizuri. Wakalizunguka bwawa. Wakalisifu. Wakaendelea kulizunguka.

"Karibuni majini!" Sostenes akasema, mikono kaitandaza.

Hakuna aliyesogea. Nikamvuta Ruthu pembeni, nikamwambia ingia wewe mwanangu, uwatoe aibu. Akanitolea macho. "Mama, baba mkwe wangu si yule pale?"

Mungu wangu. Kijiji chote tumeoana! Kila uliyemtazama pale alikuwa mkwe wa mtu, na kwetu Wagogo mkwe ni wa kuheshimiwa kwa mbali, huvui hata shati mbele yake, sembuse kuoga naye. Wale Waingereza bahari yao ni kubwa, ukishashuka kwenye kibanda unapotelea humo. Letu sisi ukiinama tu umegusana kisigino na mama mkwe. Na mimi niliyezaliwa hapa, niliyefundwa hapa, sikuliwaza hata siku moja! Nilikuwa nimeshiba hadithi za pwani ya watu.

Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja. Nikamwona Sostenes anashusha mikono. Nikalia, sisemi uongo, nililia mbele ya mchungaji.

Ndipo tukasikia kengele za ng'ombe. Lile lilikuwa kundi la mzee Daudi, mfugaji wa upande wa mlimani, linapita njia yake kwenda malishoni. Ng'ombe wa mbele alisimama, akainua pua. Kisha akageuka, akaja mbio, na kundi lote nyuma yake. Watu wakaruka huku na huku na nguo zao za ibada. Mkokoteni wangu ukapinduliwa, kibanda chali, kitenge kwenye pembe ya dume. Na ng'ombe wakashuka kwenye ule mteremko, taratibu kabisa, kana kwamba wamejengewa wao, wakaingiza midomo majini.

Walikunywa, sijawahi kuona unywaji wa namna ile. Wanafumba macho. Wanalamba hadi ukingo wa saruji.

Mzee Daudi akafika anahema, fimbo mkononi, tayari kuomba radhi. Akachovya kidole, akalamba. Akachovya tena.

"Mbukwa, Baba Ruthu," akasalimia kwa Kigogo, polepole. "Haya maji ni ya nani?"

"Yangu," Sostenes akajibu kwa unyonge. "Yana chumvi."

"Naona. Sisi ng'ombe wetu tunawatembeza mbali sana kutafuta chumvi, wengine wanafia njiani. Na wewe unayo mlangoni?" Akamtazama kama mtu aliyefichwa kitu. "Naweza kuwaleta tena? Na jirani zangu?"

Watu waliokuwa wanaondoka wakasimama. Sostenes alilitazama bwawa, akaniangalia mimi na macho yangu mekundu, akawatazama wale ng'ombe. Kisha akanyoosha mgongo, na sauti ikamtoka ile ya reli, ile niliyoolewa nayo.

"Wote kwa mkupuo, hapana. Kwa zamu. Wa mlimani asubuhi, wa bondeni mchana. Na wa kushuka anapisha wa kupanda!"

Sasa hivi ukija kwetu utakuta mama wa chai chini ya turubai, utakuta mchoma nyama, na kibanda cha Sila anachotengenezea redio, kwa sababu mfugaji akisubiri zamu lazima afanye kitu. Zeenat alipokuja mara ya mwisho alileta vitambaa, akaviuza vyote kabla ya adhuhuri, akasema mji ule wa Hina nao ulianza hivi hivi. Nikamwambia tofauti ni kwamba wageni wetu wana mikia na hawatozwi chumvi.

Juzi simu ya Morogoro ililia. Sostenes alikuwa ndani ya shimo, anachimba birika la pili la kunyweshea, jasho linamtiririka, anamfokea Sila kwa furaha. Nikamwinulia simu juu, nikamwambia ni mdogo wako, anauliza tunahama lini.

Hakutoka hata shimoni.

"Mwambie nipo kazini," akasema.