Wa Kupokea kwa Casimir

Shirika lililomwajiri Casimir lilimuuliza swali ambalo hapa Baraka mtu haulizwi: ukifa, nani apokee pesa yako? Alikuwa nahodha wa boti ya mota, akipeleka dawa kwenye zahanati za rasi ya Ubwari, na wakubwa wake walikuwa wamewakatia wafanyakazi wote bima ya maisha. Kila mmoja alitakiwa kutaja mtu mmoja tu. Casimir akaomba kwanza arudi nyumbani amuulize mkewe, Gentille.

Mimi ni jirani yao. Kati ya jiko langu na la Gentille kuna ua wa matete, na matete hayazuii maneno. Nilikuwa nageuza samaki motoni nikasikia yote.

"Mama Willy, nataka niandikishe jina yako," Casimir alisema.

"Usiniandikishe mi."

"Juu ya nini? Si we njo bibi yangu?"

"Juu ya ile njo nakatala. Siku utakufa, bandugu yako batauliza ni nani alipata faida. Batasema bibi ni muchawi, alikukula sababu ya pesa. Batanifukuza na batoto, ao batanifanyia mubaya kupita pale. Andikisha mama yako. Nani atasema mama alikula mutoto yake?"

Casimir alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka hata na mambo yasiyochekesha, kisha akafanya kama alivyoambiwa. Akamwandikisha mama yake, Mama Florentine, mjane aliyekuwa akikaa nao kwenye chumba cha nyuma.

Nilimwona Gentille ana akili, na mpaka leo sijabadili wazo. Wauza bima watakuambia mtu huikata ili watoto waendelee kusoma, ili nyumba isiponyoke, ili madeni yake yasiwaangukie aliowaacha. Ni kweli tupu. Lakini waliosema hayo hawajawahi kukaa kwenye matanga yetu, ambako hakuna anayeuliza mtu amekufa kwa nini. Tunauliza nani amemuua.

Mvua zilipokolea, dhoruba iliikuta boti ya Casimir ikitoka Ubwari ikaipindua. Wavuvi wa Swima wakamwokota kando ya maji ameshakufa. Tulimzika, tukafunga shitingi uani kuwa kivuli, wanawake tukakaa kwenye mikeka na wanaume wakacheza karata.

Mtu wa shirika akaja na gari safi. Alitoa pole vizuri, nisimsingizie. Kisha, akidhani analeta faraja, akasema mbele ya watu wote kwamba marehemu alikuwa na bima, na kwamba wa kupokea ni mama yake mzazi.

Wacheza karata wakaacha kucheza. Isidore, kaka mkubwa wa Casimir, akauliza taratibu, "Alimwandikisha tangu lini?"

"Mvua zilipoanza," yule mtu akajibu.

Isidore akamgeukia mama aliyemzaa. "Kumbe," akasema.

Neno hilo moja lilitosha. Kabla jua halijatua kila mdomo ulikuwa na ushahidi wake. Kikongwe huyu amemzika mume, amezika mabinti wawili, na yeye bado anatwanga mihogo. Macho yake mekundu. Mekundu kwa moshi wa jiko alilowapikia hao hao wanaomsema, lakini nani alitaka kusikia hilo? Damu ilinichemka nikiwaona watu waliokula ugali wake wakimnong'ona naye akiwa amekaa palepale.

Gentille akaanza kuinuka, na midomo yake ilikuwa imeshafunguka. Nilikuwa ubavuni mwake, nikaona Mama Florentine akimvuta kwa kitenge.

"Ikala chini, mutoto yangu," akamwambia kwa sauti ya chini. "Ukisema ni we ulikatala, batauliza ulijua namna gani kama atakufa. Tutakuwa bachawi babili. Batoto batabaki na nani?"

Gentille akakaa. Alilia kwa namna ambayo sijawahi kumsikia mjane akilia, kwa sababu sasa alikuwa akiwalilia wawili.

Asubuhi Isidore na vijana wa ukoo walitupa nje godoro la mama yao na sufuria zake. Hawakumpiga, na katika siku zetu hizi hilo nalo watu wanalishukuru. Akapanda pikipiki kwenda Fizi, kule mlimani, kwa dada yake, mifupa mitupu nyuma ya dereva, hakugeuka kututazama.

Kilichofuata mngekijua hata nisingekisema. Isidore akamwambia Gentille kwamba kiwanja ni cha ukoo na kitauzwa, atafute pa kwenda. Watoto wakarudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo. Kisha Isidore akaenda ofisi ya shirika kuulizia pesa, akaambiwa hapewi mtu mwingine yeyote ila Mama Florentine mwenyewe, mkononi, akiwa na karata yake ya kura, ndiyo kitambulisho chetu.

Basi mchawi akawa mama tena. Isidore alipanda Fizi na sukari, sabuni na kitenge kipya. Mama yake akakubali kushuka, kwa sharti moja: akishapokea, ataitoa pesa hiyo mbele ya ukoo mzima, nyumbani kwa Casimir. Isidore akakubali akitabasamu. Alidhani mkono wa kupokea ni wake.

Siku hiyo tulijaa uani. Mama Florentine akatoa bahasha kifuani.

"Hii ni pesa ya mutoto yangu," alisema. "Alitaka kupatia bibi yake. Bibi alikatala juu ya kuogopa ninyi, na hakukosea. Gentille, sikulazimishi. Unajua kile kitakufuata. Ukikatala, nitamupatia Isidore, na hakuna mutu atakugusa."

Isidore alisimama. Tabasamu lilikuwa limemwisha. "Shemeji, fikiria muzuri," akasema. "Ule atakamata hii pesa, njo ule alikula ndugu yetu. Tutajua, na Baraka yote itajua."

Nilitaka kumwambia Gentille aikatae, aje akae kwangu, tutabanana. Lakini chumba changu ni kimoja na watoto wake wanne, na ahadi ya namna hiyo huisha utamu kabla unga haujaisha.

Gentille alimtazama Willy, mkubwa wao, ambaye siku hizo alikuwa akibeba mizigo bandarini badala ya madaftari. Kisha akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akanyoosha mikono yote miwili, akaipokea.

"Museme ni mi," akamwambia Isidore.

Alifunga bahasha ndani ya kitenge, akawaita watoto wake, akamshika mama mkwe mkono, wakatoka. Wanawake waliokaa mlangoni, wale wale waliomshikilia asianguke kaburini siku ya maziko, wakavuta nguo zao pembeni zisimguse.