Viti Mia Sita Sabini na Tisa

Ukumbi mpya wa chuo ulikuwa mwembamba upande wa jukwaa, ukitanuka kadiri unavyokwenda nyuma. Safu ya kwanza ilikuwa ya viti kumi na vinane, kila safu ikizidi ya mbele yake kwa kiti kimoja, mpaka ya mwisho yenye arobaini na kimoja.

Karani wa ununuzi ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta jumla ya viti vya kuagiza. Angeweza kupanga namba zote kwenye lahajedwali la kompyuta na kuzijumlisha, lakini hiyo aliiona kazi ya wanaojifunza. Alikuwa na fomula yake tangu shuleni: ya kwanza ongeza ya mwisho, zidisha kwa idadi ya safu, gawa kwa mbili. Idadi ya safu aliipata chapuchapu: arobaini na moja toa kumi na nane, ishirini na tatu. Kompyuta ikatoa 679. Akatuma oda, akaenda kunywa chai.

Seremala alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake, aliyeipata zabuni ya kutengeneza viti kabla karani hajaajiriwa. Kazini waliitana "fundi" na "dada" ili watu wasiseme. Siku tatu kabla ya uzinduzi mjomba akampigia simu.

"Dada, hebu shuka huku ukumbini."

Alimkuta amesimama nyuma kabisa, mikono kiunoni. Safu ya mwisho ilikuwa na viti kumi na viwili tu, kisha sakafu tupu.

"Umeleta pungufu," karani alisema.

"Nimeleta mia sita sabini na tisa, na saini yako ninayo. Safu ni ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Zihesabu."

Alitembea akizigusa moja moja. Zilikuwa ishirini na nne. Akarudia, zikawa ishirini na nne vilevile.

Mjomba alimwinulia vidole. "Kutoka tatu mpaka tano kuna namba ngapi? Tatu, nne, tano. Wewe ukitoa tu, unapata mbili. Ile ya kwanza umeisahau mlangoni, mwanangu."

Karani alipanda ofisini. Alifungua faili na kukiruhusu kisanduku cha jumla kionyeshe desimali, alizokuwa amezizima ili ripoti ipendeze. Ikatokea 678.5. Nusu kiti ilikuwa imekaa humo wiki sita, kompyuta ikiifichia aibu kwa kuikamilisha kuwa kizima. Akaandika kumi na nane mpaka arobaini na moja, kila namba kwenye mstari wake, akajumlisha: 708. Vilipungua ishirini na tisa.

Mjomba alikuwa amemfuata mpaka mlangoni. "Sema fundi kachelewesha," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nani atashangaa?"

"Hapana, mjomba."

Alikwenda kwa mkurugenzi na karatasi mbili, ya kosa na ya marekebisho. Mkurugenzi alizisoma kwa muda mrefu.

"Hii nusu," aliuliza hatimaye, "nani angeikalia?"

Karani hakujua kama acheke. Hakucheka.

Uzinduzi ulifanyika kama ulivyopangwa. Wageni ishirini na tisa walikaa kwenye viti vya plastiki vilivyotolewa kantini, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mzee mmoja aliyesema kiti chake kinayumba. Viti vilivyopungua vililetwa baada ya wiki mbili. Kwa miezi mitatu kila hesabu ya karani ilipitiwa na mhasibu, kijana aliyemzidi cheo na kuzidiwa naye umri kwa miaka kumi. Jambo hilo lilimuuma kuliko lile kosa lenyewe, na nyumbani hakulisimulia. Mama yake alilisikia kwa mjomba.